Chenga Zinatoka Wapi? Kamera, Mwanga Hafifu na Programu za Kuiga Kelele

Shangazi yangu ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, alilolipata utotoni alipoanguka kutoka kwenye mwembe. Siku ya sendofu ya binti yake, kwenye ukumbi mmoja wa Sinza, alipigwa picha akiwa meza ya wazazi: kilemba cha kitenge kichwani, mumewe pembeni ndani ya suti nyeusi, kitambaa cheupe cha meza mbele yao, na taa za zambarau za mapambo zikimulika maua kuliko watu. Wiki mbili baadaye albamu ilifika nyumbani Tabata. Shangazi akaifungua, akaisogeza picha ile dirishani, akaniita.

"Mwanangu, hebu njoo. Huyu ni mimi?"

Kovu halikuwepo. Uso ulikuwa laini kama mshumaa, na maua ya kitenge yalikuwa yamegeuka ukungu wa rangi. Mpiga picha hakukusudia ubaya. Picha ilikuwa na chenga, akakishika kitufe cha kuondoa chenga, akakivuta mpaka mwisho. Nilimwomba faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla haijaguswa, akanipa, tena akaniazima na kamera yenyewe kwa siku mbili. Niliyoyafanya kwa siku hizo mbili yanahitaji maelezo, kwa sababu ili kuziondoa chenga bila kumfuta mtu, lazima kwanza ujue kuzitengeneza. Zipo programu za kazi hiyo hasa: unazipa picha safi, zinakurudishia picha yenye chenga zilezile ambazo kamera fulani ingezitoa. Mtu akisikia hivyo mara ya kwanza huona ni kazi ya kupoteza muda. Nami niliona hivyo.

Aliyekulia kwenye televisheni ya antena ya juu ya bati anazijua chenga. Upepo ukivuma, skrini inajaa vumbi jeupe na jeusi linalocheza, mtu mmoja anatumwa nje kuzungusha mlingoti, na waliobaki ndani wanapaza sauti: "Hapohapo! Rudisha kidogo!" Jina hilo limehamia kwenye picha za simu, na linafaa sana, maana picha ya usiku kweli huonekana kama imemwagiwa mchele uliovunjika. Wahandisi huziita kelele, kwa kuwa somo lao lilianzia kwenye simu na redio, kitu kilekile kilipokuwa kikisikika kwa sikio. Nitatumia majina yote mawili.

Wengi wetu tunaamini chenga ni ubovu wa kamera, kwamba simu ya bei kubwa isingekuwa nazo. Kuna ukweli kidogo hapo. Lakini chenga nyingi za picha ya usiku huja na mwanga wenyewe, na hata kamera isiyo na dosari yoyote ingezionyesha.

Masika yakianza, kaa barazani penye sakafu ya vigae uyatazame matone ya kwanza. Chagua vigae kumi vya ukubwa mmoja, vyote nje ya paa. Baada ya sekunde chache kimoja kina matone manne, jirani yake kina saba, kingine mawili, kingine bado kikavu kabisa. Mvua ni moja, vigae ni sawa, na hakuna kilichokingwa. Ni kwamba matone huanguka moja moja, kila tone kwa bahati yake, kwa hiyo hesabu haziwezi kulingana. Subiri mvua ikolee. Vigae vyote vinalowa na jicho haliwezi tena kuvitofautisha. Tofauti za hesabu bado zipo, tena zimekuwa kubwa kuliko mwanzo, ila zimemezwa na wingi.

Mwanga nao huja kwa matone, na kila tone linaitwa fotoni. Kihisi cha kamera, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, ni sakafu ya vigae vidogo sana viitwavyo pikseli. Ukipiga picha ya ukuta mweupe uliomulikwa sawasawa, pikseli zote zilipaswa kupata hesabu moja, lakini hazipati. Kanuni ya tofauti hizo ina jina la Mfaransa Siméon Denis Poisson, aliyeichapisha mwaka 1837, na ni nyepesi kuliko sifa yake: mtawanyiko wa hesabu ni kipeuo cha pili cha wastani. Kwa mtawanyiko nina maana ya kiasi ambacho hesabu hupanda au kushuka kwa kawaida kutoka kwenye wastani wake. Wastani ukiwa fotoni 10,000, mtawanyiko ni 100, sawa na asilimia moja, na jicho halioni kitu. Wastani ukiwa fotoni 100, mtawanyiko ni 10, asilimia kumi nzima, na picha inaanza kuchemka. Kwenye giza wastani ukishuka hadi fotoni 4, mtawanyiko ni 2, yaani nusu ya picha ni bahati nasibu.

Mwaka 1918 mwanafizikia Mjerumani Walter Schottky alieleza kelele ya namna hii kwenye mkondo wa umeme ndani ya valvu za redio, kwa sababu umeme nao huenda kwa punje, elektroni moja moja. Aliitafutia jina kutoka neno la Kijerumani Schrot, lenye maana ya marisawa ya bunduki, na ambalo pia ni nafaka iliyopondwa bila kulainika. Nilipolikuta neno hilo nilitabasamu peke yangu. Watu wa antena za bati na mwanafizikia wa Ujerumani walikitazama kitu kimoja, wakakipa jina moja.

Kutokana na kanuni hii tunapata jambo ambalo ningependa kila mpiga picha wa sherehe alijue. Kupandisha ISO, yaani kiwango cha kamera cha kukuza ishara ya mwanga, hakuongezi mwanga. Kunakuza kile kilichokwisha kukusanywa, chenga na sura kwa pamoja. Dawa ya chenga za mwanga ni mwanga zaidi: lenzi iliyofunguka, shata, yaani kifunga mwanga cha kamera, iliyokaa wazi muda mrefu, taa ya ziada, au pikseli kubwa. Pikseli yenye upana wa mikromita 6 kwenye kamera kubwa ina eneo mara 36 ya pikseli ya mikromita 1 kwenye simu. Ni beseni dhidi ya kikombe cha kahawa kwenye mvua ileile.

Basi fotoni ikifika, nini kinatokea? Inaipiga silikoni, mada ambayo kihisi kimetengenezwa nayo, na kuing'oa elektroni, elektroni inatunzwa kwenye kisima kidogo cha pikseli, na mwisho wa shata visima vyote vinasomwa. Kihisi cha kwanza cha aina hii, CCD, kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs, Marekani, nao wakapata Nobeli ya fizikia mwaka 2009. Vilivyomo kwenye simu zetu leo ni vya aina ya CMOS, ambavyo Eric Fossum na wenzake waliviendeleza katika maabara ya JPL ya NASA miaka ya 1990. Kwenye safari hii ya kukusanya na kusoma, kamera nayo inaongeza kelele zake.

Iliyo maarufu zaidi ni kelele ya usomaji. Saketi inayopima chaji ya kila kisima ina mtetemo wake, hivyo hata kisima kitupu kikisomwa mara mia hakitoi jibu moja. Kwenye vihisi vizuri vya sasa ni elektroni chache tu, moja mpaka tatu hivi. Ingekuwa kubwa zaidi kama si hila moja ambayo mama muuza maharage wa sokoni Tandika anaijua kwa mikono yake: anaweka chombo kitupu kwenye mizani, anasoma, anatia maharage, anasoma tena, anatoa. Kisima kikisafishwa ili kupokea chaji mpya hakirudi kwenye sifuri kamili, kwa sababu joto hutikisa elektroni. John Johnson aliupima mtikisiko huo mwaka 1928 na Harry Nyquist akaueleza mwaka huohuo. Kwa hiyo kihisi hupima kisima kabla na baada, kisha hutoa, na uzito wa chombo unaondoka.

Joto linatugusa sisi zaidi kuliko waandishi wengi wa vitabu vya kamera. Elektroni nyingine hung'oka zenyewe kwa joto bila kuguswa na fotoni hata moja. Huitwa mkondo wa gizani, na kwa makadirio ya kawaida huongezeka maradufu kila joto la kihisi linapopanda nyuzi 6 hadi 8. Fikiria kamera ya ulinzi ndani ya kiboksi chake cha plastiki kwenye ukuta wa Kariakoo, jua la Februari likiichoma tangu asubuhi. Ikifika nyuzi 45, ukilinganisha na kamera ileile kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 24, mkondo wa gizani umeongezeka maradufu mara tatu, yaani umekuwa mara nane. Wanaastronomia hukimbilia upande mwingine kabisa: kamera ya pikseli bilioni 3.2 ya kituo cha Vera Rubin nchini Chile vihisi vyake hupozwa hadi karibu nyuzi 100 chini ya sifuri. Ukitaka kuuona mkondo huu mwenyewe, ziba lenzi ya simu yako kwa kidole na kitambaa cheusi, weka shata ya sekunde kumi kwenye modi ya kitaalamu, upige. Rudia baada ya simu kukaa juani. Kwenye ile nyeusi ya pili utaona nukta nyekundu, bluu na nyeupe zimetawanyika kama taa za ngalawa usiku.

Nukta hizo hukaa palepale picha hata picha, na hapa kuna aina ya kelele inayotofautiana kabisa na zilizotangulia. Hakuna pikseli mbili zilizotoka kiwandani zikiwa mapacha. Moja hupokea mwanga kidogo zaidi ya jirani, nyingine huvuja. Mpangilio huo haubadiliki, na ni wa kihisi kimoja tu duniani, kama alama ya kidole. Mwaka 2006 Jan Lukáš, Jessica Fridrich na Miroslav Goljan walionyesha kwamba unaweza kuutumia kujua picha fulani ilipigwa na kamera ipi hasa, hata kati ya kamera mbili za chapa na toleo lilelile.

Sasa tunaweza kuingia kwenye programu. Kazi yake ni kuifuata safari yote hiyo kwa hesabu, na mpangilio wa hatua ndio roho ya kazi. Inaanza na picha safi, inayohesabiwa kwa fotoni badala ya rangi. Kila pikseli inapunguziwa fotoni ambazo silikoni haizikamati, inazidishwa na dosari yake ya kuzaliwa, kisha inachezewa bahati nasibu ya Poisson. Baada ya hapo zinamwagwa elektroni za gizani kulingana na joto na muda wa shata, nazo kwa bahati yao. Kisima kikijaa, kinachozidi kinakatwa. Ndipo inaongezwa kelele ya usomaji, ambayo hufuata mgawanyo wa Gauss wenye umbo la kengele. Mwishoni chaji inageuzwa kuwa namba nzima, ngazi 4,096 kwa kamera ya biti 12 au 16,384 kwa ya biti 14, na kila kilichokaa katikati ya ngazi mbili kinasukumwa kwenye ngazi moja.

Ukivuruga mpangilio, chenga zako zitakuwa za uongo. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye kazi za wanafunzi na hata za wataalamu ni kuchukua picha ya JPEG, faili la kawaida la picha iliyobanwa, iliyokwisha kamilika na kuinyunyizia kelele ya Gauss. Picha halisi haipiti njia hiyo. Kihisi kina vichujio vya rangi juu ya pikseli, mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak uliopewa hataza mwaka 1976, kwa hiyo kila pikseli huona rangi moja na rangi mbili zilizobaki hukisiwa kutoka kwa majirani. Katika kukisia huko chenga moja huambukiza wenzake, na punje inageuka doa la rangi. Kisha JPEG inaikata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kuibana. Picha iliyotumwa WhatsApp mara tatu ina chenga ambazo Poisson mwenyewe asingezitambua.

Unaweza kuandika programu hiyo mwenyewe. Kwenye lugha ya programu iitwayo Python, maktaba ya NumPy ina amri ya poisson na amri ya normal, ambayo ni ile ya Gauss, na kwa mistari isiyozidi thelathini kijana mwenye laptop ya kawaida pale Mlimani anaweza kuwa na kamera ya kuigiza inayofanya kazi. Kwa wanaotaka zaidi, Pyxel, inayoendelezwa na Shirika la Anga la Ulaya pamoja na wenzao, ni ya wazi na ilikusudiwa vihisi vya vyombo vya angani. ISETCam ya Chuo Kikuu cha Stanford huanza mbali zaidi, kwenye taa na lenzi, na kuishia kwenye picha iliyokamilika. Mwaka 2014 Mikhail Konnik na James Welsh waliandika mwongozo mrefu wa kuiga kelele za CCD na CMOS pamoja na programu yake. Ningemshauri anayeanza aandike ile mistari thelathini kwanza. Programu kubwa ina vitufe vingi, na kitufe usichokielewa utakiacha kilivyo.

Lakini kamera ya kuigiza inahitaji namba za kamera ya kweli, na sehemu hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Namba hizo huzipati kwenye tangazo la duka. Unazipima, na kipimo chenyewe ni ukuta.

Niliiweka kamera ya mpiga picha juu ya meza ikitazama ukuta mweupe wa chumbani, nikaivuruga fokasi ili mikwaruzo ya rangi isionekane. Jaribio la kwanza liliharibika kwa sababu ya taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho lisione lakini shata ya haraka ione. Nikazima, nikatumia taa ya betri iliyofunikwa karatasi nyeupe. Kisha unapiga picha mbili zinazofanana kabisa kwa mwanga mdogo, mbili kwa mwanga wa kati, mbili kwa mwanga mkali, na kuendelea. Kwa kila jozi unatoa picha moja kutoka kwa nyingine. Ukuta unajifuta, kivuli cha pembeni kinajifuta, dosari za kuzaliwa za pikseli zinajifuta, kwa sababu zimo kwenye zote mbili. Kinachobaki ni bahati nasibu tupu. Unatafuta mraba wa mtawanyiko wake, unaugawa kwa mbili kwa kuwa ni kelele za picha mbili, halafu unauweka kwenye grafu dhidi ya wastani wa mwanga.

Nukta zinajipanga kwenye mstari ulionyooka. Chukua namba nyepesi za mfano: wastani wa 200 una mraba wa mtawanyiko wa 104, wa 400 una 204, wa 800 una 404. Kila wastani ukipanda 100, mraba unapanda 50, yaani mwinuko ni nusu. Hapo umejua kwamba kila ngazi moja ya kamera ni elektroni mbili, bila kufungua skrubu hata moja. Ukiurefusha mstari hadi gizani kabisa unabaki na 4, kipeuo chake ni ngazi 2, sawa na elektroni 4, na hiyo ndiyo kelele ya usomaji. James Janesick wa JPL ndiye aliyeifanya njia hii ijulikane kwa watu wa CCD, na leo imo ndani ya kiwango cha EMVA 1288, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2005 na chama cha Ulaya cha kamera za viwandani, ili mnunuzi aweze kulinganisha kamera mbili kwa kipimo kimoja. Nilipoona nukta zangu zimekaa kwenye mstari saa saba usiku, nilimwamsha mke wangu aje azione.

Mstari huo una namba mbili tu, mwinuko na mahali unapoanzia, na faili ghafi za DNG zinazotolewa na simu nyingi zinaweza kuzibeba namba hizo ndani yake katika sehemu iitwayo NoiseProfile. Kwa hiyo simu yako huenda inakuambia tayari jinsi inavyotoa chenga, kwa kila kiwango cha ISO. Mwaka 2008 Alessandro Foi na wenzake wa Tampere, Ufini, walionyesha namna ya kuzikadiria namba hizo kutoka kwenye picha moja tu, hata kama kamera hunayo.

Turudi meza ya wazazi. Niweke namba za mfano zinazofanana na ukumbi ule, na kelele ya usomaji iwe elektroni 3. Kitambaa cheupe cha meza kimekusanya elektroni 4,000 kwa pikseli, uso wa shangazi upande wa kivuli 160, suti nyeusi ya mumewe 40. Mraba wa mtawanyiko ni elektroni zenyewe ukijumlisha 9. Kitambaa kina mtawanyiko wa 63 hivi, uso 13, suti 7. Kwa uwiano, kitambaa kina ishara mara 63 ya kelele yake, uso mara 12, suti chini ya mara 6.

Programu nyingi rahisi za kusafisha hudhani kelele ni ileile picha nzima. Tuseme umeiambia kwamba mtawanyiko ni 40 kila mahali. Itafuta kila tofauti iliyo chini ya 40 ikidhani ni chenga. Kwenye kitambaa haijafanya kazi ya kutosha. Kwenye uso imefanya maangamizi. Kovu la shangazi linatofautiana na ngozi inayolizunguka kwa elektroni 30 hivi. Kwa programu hiyo 30 ni vumbi, na linafutwa. Kwa modeli sahihi, yaani hesabu inayojua kelele ya kila sehemu ya picha, 30 ni zaidi ya mara mbili ya 13. Tena kovu halikai kwenye pikseli moja. Likichukua pikseli 25, wastani wao una mtawanyiko wa 13 ukigawa kwa kipeuo cha 25, yaani 2.6 tu. Thelathini dhidi ya 2.6! Kovu lilikuwepo kwenye faili ghafi, wazi kabisa kwa anayejua kuhesabu.

Hili linaniuma, na nitalisema. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko kitambaa cheupe, basi kwenye kumbi zetu zenye taa za rangi nyuso zetu ndizo zinazoangukia upande wa fotoni chache, pale ambapo modeli mbaya hufanya madhara makubwa zaidi. Anayetengeneza programu huku akiijaribu kwenye picha zenye mwanga tele haoni tatizo hata siku moja. Dawa ya hesabu imekuwepo muda mrefu. Mwaka 1948 Francis Anscombe alionyesha kwamba ukichukua hesabu ya Poisson, ukaijumlishia 3/8, ukatafuta kipeuo cha pili na kuzidisha kwa 2, mtawanyiko unakuwa karibu 1 kila mahali, penye giza na penye nuru, isipokuwa hesabu zikiwa ndogo mno. Baada ya hapo hata programu rahisi inaweza kusafisha kwa haki, kisha unarudisha namba zilivyokuwa.

Programu mpya za akili bandia hazijatuokoa na kazi hii, zimeiongezea uzito. Ili zijifunze kusafisha, huonyeshwa jozi nyingi za picha safi na picha yenye chenga, na mara nyingi ile yenye chenga imetengenezwa na programu ya kuiga. Chenga za kuigiza zikiwa za uongo, akili bandia inakuwa bingwa wa kuondoa chenga ambazo hakuna kamera inayozitoa. Na penye fotoni chache mno baadhi yao hufanya jambo la hatari zaidi: hutunga. Kwenye picha ya sherehe hutunga ngozi nzuri. Kwenye picha ya kamera ya ulinzi ya usiku, namba ya gari inayoweza kuwa 3 au 8 inaweza kutoka ikiwa 8 iliyonyooka, na mtu akaitwa kituoni kwa gari lisilo lake. Modeli ya kelele iliyopimwa vizuri inaweza kuhesabu kama picha ile ina taarifa za kutosha kutofautisha 3 na 8. Kabla ya picha ya namna hiyo kuletwa mbele ya hakimu, hesabu hiyo ingepaswa kufanywa kwanza.

Kamera niliirudisha kwa mwenyewe pamoja na namba zake kwa kila ISO anayoitumia, nikamwonyesha mahali pa kuziingiza kwenye programu yake. Picha ya shangazi niliisafisha upya kutoka kwenye faili ghafi kwa mstari ule wa ukutani. Kovu limerudi, na maua ya kilemba yanahesabika. Kwenye suti ya mumewe bado kuna chenga, na chini ya mkono wake, palipokuwa na giza kuliko kote, hakuna mshono wala mfuko unaoonekana. Pale zilifika elektroni tano au sita kwa pikseli. Shangazi aliniuliza kama nisingeweza kupasafisha napo kidogo. Nilimwambia ningeweza kupapaka weusi tu, kwa sababu mshono wenyewe haukuingia kwenye kamera. Akasema basi paache hivyohivyo.